Nyando imekatika vipande 1,214 kwenye SWAT. Nipunguze vipi bila kuharibu hesabu?

NyarKoru:

Hamjambo wadau. Naomba msaada kabla sijaitupa hii kompyuta ziwani.

Naandika tasnifu ya shahada ya pili kuhusu mafuriko ya mto Nyando. Mimi ni wa kuzaliwa Koru, sasa napanga chumba Nyamasaria hapa Kisumu, kwa hivyo mto huu naujua ukiwa juu unapiga kelele kwenye mawe, na naujua ukiwa chini umelala ndani ya mashamba ya watu. Natumia SWAT, programu ya kuiga mwendo wa maji kwenye bonde la mto, kupitia QGIS, programu ya ramani. Kwa wasioijua: programu inagawa bonde kwanza kuwa vijibonde, kila kimoja na kipande chake cha mto. Kisha ndani ya kila kijibonde inapandanisha ramani tatu, ya matumizi ya ardhi, ya udongo na ya mteremko. Kila mchanganyiko unaojitokeza, tuseme mahindi juu ya udongo mwekundu kwenye mteremko wa wastani, unakuwa kipande kimoja, ndiyo hiyo tunaita HRU. Mvua ikinyesha, popote penye mchanganyiko huo panachukuliwa kuwa pataipokea kwa tabia moja, basi unahesabu mara moja badala ya kuhesabu kila shamba la kila mtu.

Sina ugomvi na wazo lenyewe. Ugomvi wangu ni huu: vijibonde 29, matumizi ya ardhi aina 8, udongo aina 9, mteremko madaraja 4, na nimepata vipande 1,214. Kompyuta yangu ni ya zamani, inachukua dakika kama 12 kuendesha miaka 20. Kurekebisha modeli ilingane na vipimo vya mto kunataka niiendeshe mara 500 hivi. Piga hesabu: siku nne mfululizo, na stima za kwetu mnazijua.

Basi nikaweka kiwango cha kukata (kilicho chini yake kinaondolewa), asilimia 10 kwa matumizi ya ardhi, 10 kwa udongo, 10 kwa mteremko. Vipande vikashuka hadi 212. Nikafurahi kwa muda wa chai moja. Kufungua jedwali, mpunga wa Ahero haupo! Mafunjo ya kule mtoni kunakoingilia ziwani yamebaki kwenye kijibonde kimoja tu. Miti ya kandokando ya mto, hakuna. Bonde zima limegeuka miwa na mahindi. Halafu kilele cha mafuriko pale Ahero kinafika siku moja mapema kuliko vipimo, na kiko juu zaidi.

Msimamizi wangu ameniambia "punguza vipande." Nikauliza hadi vingapi, akasema vinavyofaa. Haya, vinavyofaa ni vingapi?

FundiRasta_Nakuru:

Dada, la mpunga ni rahisi, tulimalize kwanza. Kwenye dirisha la kutengeneza HRU kuna sehemu ya kusamehe matumizi fulani ya ardhi yasiguswe na kiwango cha kukata. Weka mpunga, weka mafunjo, weka mji.

Lakini elewa kilichotokea. Tuseme mpunga wako wa Ahero haufiki hekta 1,000, yaani haufiki kilomita za mraba 10. Kama kijibonde chako kina kilomita 140, hiyo ni asilimia 7, kwa hivyo umekatwa. Na programu haiachi shimo pale. Eneo lililokatwa inaligawia waliobaki kwa uwiano wao. Shamba lililokaa na maji miezi kadhaa umelipandisha miwa bila kujua.

HesabuNjoro:

Msimamizi wako hajakosea kukwambia upunguze, ila hakukwambia kuna njia mbili za kupunguza, na moja ina sumu ndani.

Njia ya kwanza ni kuunganisha vipande viwili vinavyofanana. Ya pili ni kuunganisha viwili visivyofanana na kuvipa namba ya katikati. Wengi hufanya ya pili wakidhani ni ya kwanza. Chukua kalamu.

Tuseme kijibonde nusu ni msitu wenye CN (namba ya kuonyesha ardhi inatiririsha maji kiasi gani, ikiwa kubwa yanatiririka zaidi) ya 60 na nusu ni mahindi yenye CN ya 80. Inanyesha milimita 50 siku moja. Fomula unayo: P ni mvua, S ni maji ambayo ardhi inaweza kuyashika, na S hiyo ni 25,400 ugawe kwa CN, utoe 254. Maji yanayotiririka ni mraba wa (P toa 0.2S) ugawe kwa (P jumlisha 0.8S). Msitu utakupa milimita 1.4. Mahindi yatakupa 13.8. Wastani wa kijibonde ni 7.6.

Sasa fanya uvivu: sema CN ya kijibonde kizima ni 70, katikati ya 60 na 80. Rudia hesabu. Utapata 5.8. Karibu robo ya maji imepotea, na hakuna aliyeyanywa. Yamepotea kwa sababu uhusiano wa mvua na mtiririko haunyooki kama rula, unapinda, na ukichukua wastani kabla ya mpindo hupati ulichopata ukichukua wastani baada yake.

Hii ndiyo sababu hasa ya kugawa bonde. Watu hudhani tunagawa ili ramani ipendeze. Tunagawa ili kila namba ipite kwenye fomula ikiwa peke yake, wastani uje mwisho.

Kwa hivyo jaribio langu ni hili: chukua vipande viwili unavyotaka kuunganisha, vipitishe kwenye mvua tatu, ndogo, ya kati na ile ya kutisha. Vikitoa maji yanayokaribiana kwa zote tatu, waunganishe wakaoane. Vikiachana hata kwa mvua moja, waache. Ukimaliza utakuwa na idadi, na hiyo idadi ndiyo "inayofaa." Usianze na idadi.

(Na hizo CN zenyewe usizipigie magoti. Zilizaliwa kwenye mashamba ya Marekani miaka ya 1950. Ile 0.2 pia.)

NyarKoru:

Mwalimu, nimerudia hesabu zako mara mbili kwa mkono. 5.8 kweli! Nimekaa nayo hii kitu mwaka mzima hakuna aliyewahi kunionyesha hivyo.

Udongo wangu aina 9 nimetoa kwenye ramani ya udongo ya Kenya ya kipimo cha moja kwa milioni. Nikijaribu jaribio lako, aina tano kati ya hizo zinatoa maji yaleyale karibu. Uwanda wote wa Kano una jina moja tu la udongo. Ni sawa?

JaAhero:

Binti yangu, mimi si mtu wa kompyuta. Kijana wangu ndiye amenifungulia huu mjadala akasema, "Baba, wanaongea habari za mto wako." Nilisoma kipimo cha mto miaka 19, ule ubao wenye namba uliosimama majini, asubuhi na jioni, nikiandika kwenye kitabu. Sasa nimestaafu, nalima mpunga kidogo. Nitasema ninayoyajua.

Umeuliza kama Kano yote kuwa udongo wa jina moja ni sawa. Jina ni sawa. Tabia si moja, na hata pahali pamoja haibaki moja.

Ule udongo mweusi wetu, njoo uutazame mwezi wa pili. Umepasuka. Nyufa zinaingia mkono mpaka kiwiko, ndama akiwekea mguu anavunjika. Mvua ya kwanza ikija, hata ikiwa kubwa, huoni maji juu ya ardhi. Yanaingia kwenye nyufa, yanazama. Mto haupandi. Watu wa mbali wanasema mvua ilikuwa kidogo. Si kidogo, imemezwa. Wiki mbili au tatu baadaye ule udongo umevimba, nyufa zimefunga, na sasa umekuwa kama sufuria. Mvua nusu ya ile ya kwanza inakaa juu yote, kuku wanapanda juu ya meza. Sasa niambie, hicho kipande chako cha Kano ni kipande kipi? Cha mwezi wa pili au cha mwezi wa tano?

La pili. Umeandika miwa kama kitu kimoja. Miwa iliyokatwa jana, trela zimepita, ardhi imeshindiliwa, haina jani lililosimama, si miwa ile ya miezi 14 ambayo mtu akiingia haonekani. Ramani ya setilaiti imepiga picha siku moja.

La tatu ndilo limenifanya niandike. Unasema kilele chako kiko juu kuliko vipimo. Vipimo vya nani? Vyangu. Basi nisikilize. Mvua ya milima ya Nandi na Tinderet inapenda kunyesha alasiri. Maji yake yanashuka usiku. Mimi nilisoma asubuhi na jioni. Mara ngapi nimefika asubuhi nikakuta tope na majani yamekwama kwenye matawi juu ya kichwa changu, na ubao unasoma chini ya hapo kwa urefu wa mtu! Kilele kilipita saa nane za usiku nikiwa nimelala. Kwenye kitabu niliandika ninachokiona, maana ndivyo tulivyofundishwa, andika unachokiona. Halafu mto ukishavuka kingo, maji yanapita mashambani kwa njia yake, hayapiti kwangu. Ubao unahesabu yaliyobaki ndani ya mto tu.

Kwa hivyo ukianza kuunganisha na kutenganisha vipande vyako mpaka vilingane na kitabu changu, utakuwa unavilinganisha na usingizi wangu.

FundiRasta_Nakuru:

😂😂 "Usingizi wangu." Mzee, shikamoo.

HesabuNjoro:

Mzee wangu, heshima. Hilo la kitabu NyarKoru aliweke kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu.

Kwa upande wa nyufa, SWAT ina swichi ya maji yanayopita kwenye nyufa za udongo. Kwa kawaida imezimwa, na wengi hatuiwashi kamwe. Ukiiwasha, kila udongo unataka ujazo wa nyufa zake. Hapo ndipo kugawa Kano kunapata maana: tenga panapopasuka na pasipopasuka. Karibu na mto, ambako mto wenyewe umelaza mchanga na tope jepesi, sidhani nyufa ni zile zile.

JaAhero:

Si zile zile. Karibu na mto tunapanda nyanya na mboga. Kwenye mweusi nyanya zinakufa.

MamaMvua_Kericho:

Mnabishana habari za udongo na hakuna aliyeuliza mvua imetoka wapi. Nimefanya kazi na takwimu za mvua muda mrefu kidogo, niruhusuni.

Kwenye SWAT mvua haitolewi kwa HRU. Inatolewa kwa kijibonde, na kila kijibonde kinachukua kituo kilicho karibu na katikati yake. HRU zote ndani ya kijibonde zinanyeshewa sawa, msitu wa juu na shamba la chini. Sasa mto Nyando unaanzia Londiani na Tinderet, juu ya mita 2,000, unaishia ziwani kwenye mita 1,130 na kitu. Hapo katikati kuna ukuta wa Nandi. Nimesimama Chemelil jua linawaka nikitazama pazia jeusi la mvua limesimama mlimani, halisogei, saa mbili nzima.

Kama kijibonde kimoja kimekamata mlima na uwanda pamoja, hata ukigawa HRU elfu tano hazitakusaidia, zote zinanyeshewa mvua ya uongo. Ongeza vijibonde pale miguuni pa mlima, viache vichache kule ambako mvua inafanana. Kata kijibonde mahali mvua inapobadilika, kata HRU mahali ardhi inapobadilika. Kama vituo ni vichache, tumia mvua ya CHIRPS, makadirio ya setilaiti yaliyochanganywa na vituo, inaanzia 1981 na kila mraba wake ni kama kilomita 5.

Jambo jingine nilitaje haraka. Zile HRU hazina mahali. Ndani ya kijibonde programu inajua kuna asilimia 12 ya mafunjo, lakini haijui kama yako chini ya mashamba au juu yake. Maji ya kila kipande yanamwagwa mtoni moja kwa moja. Mafunjo yako yanapokea mvua ya juu yao tu, hayapokei maji yanayoshuka kutoka kwa jirani. Nadhani ndiyo sababu kilele chako kinawahi: uwanda wa Kano kwako hauzuii chochote. SWAT+, toleo jipya la SWAT, imeleta mgawanyo wa juu na wa chini, maji ya mteremkoni yanaweza kupitishwa uwandani kabla ya kufika mtoni. Hamia huko.

MtuWaMau:

Mimi niko upande wa Njoro, mto mdogo tu unaoingia Ziwa Nakuru, lakini ulinifunza adabu. Angalieni mambo mawili, sitachukua muda.

Mwaka wa ramani. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa sehemu kubwa ya msitu wa Mau Mashariki. Niliendesha miaka ya 1990 hadi 2010 kwa ramani moja ya matumizi ya ardhi. Vipande vilikuwa safi kabisa, vimekatwa kwa uangalifu, na nusu ya miaka hiyo havikuwepo duniani.

Na njia za ng'ombe. Kwetu ng'ombe na punda wa maji wanashuka mtoni kila siku kwa njia zilezile. Njia imekuwa ngumu kama saruji na iko chini kuliko shamba, mvua ikija yenyewe ni mtaro. Upana mita tatu. Ramani yenye mraba wa mita 30 haiwezi kuiona. Kwenye modeli pale pana malisho, lakini maji yanajua pana barabara.

NyarKoru:

Samahanini kwa kimya cha wiki tano. Nilikwenda kutembea.

Nilimpata Mzee JaAhero (kumbe kijana wake tulisoma pamoja sekondari, dunia ndogo). Fundi wa kuchomelea pale Nyamasaria alinikatia pete ya bomba la chuma, kipenyo sentimita 30. Nikapanda matatu hadi Awasi, pete magotini, kondakta akaniuliza kama nimebeba sufuria isiyo na kitako. Kutoka hapo boda boda mpaka shamba la kwanza.

Ziara ya kwanza mvua ilikuwa haijaanza. Pete nikaigongea juu ya udongo mweusi uliopasuka, nikamwaga mtungi mmoja wa lita 20. Kwa pete hiyo lita 20 ni sawa na mvua ya milimita 280 hivi. Dakika 11, zimekwisha. Nilisikia maji yakishuka kwenye ufa, sauti kama mtu anayekunywa kwa haraka. Mzee alikuwa amesimama na fimbo yake, hakusema kitu, alinitazama tu.

Nikarudi wiki ya tatu ya mvua, shamba lilelile, hatua tano kutoka pale pale. Maji kwenye pete yalishuka milimita nne kwa saa nzima. Nne! Nilikaa kwenye tuta nikala mahindi ya kuchoma nikisubiri rula isogee.

Kwenye udongo wa kando ya mto, panapolimwa nyanya, majibu ya ziara mbili hayakuachana sana. Basi Kano yangu sasa ni mbili, na ile nyeusi nimewasha swichi ya nyufa. Zile aina tano za udongo wa juu zilizokuwa zinatoa maji yaleyale nimeziunganisha kuwa mbili. Miwa nimeiweka kalenda ya kukatwa, nusu ya eneo mwaka huu, nusu mwaka ujao, si kamili lakini si shamba lisilokatwa kamwe. Mteremko uwandani nimeacha daraja moja tu: kule ramani ya mwinuko ya setilaiti inahesabu vichwa vya miwa na mikaratusi kuwa vilima, nilikuwa nagawa bonde kwa urefu wa miti. Mto wenyewe nimeuchora kwa mkono nikaulazimisha kwenye ramani, maana programu ilikuwa imeupeleka kwa njia ambayo wakazi wangenicheka.

Vijibonde vimepanda kutoka 29 hadi 41, vingi miguuni pa Nandi, kama Mama alivyosema. HRU ni 173. Nilipokuwa na 212 nilikuwa nimepoteza mpunga. Sasa mpunga upo, mafunjo yapo, na vipande ni vichache zaidi. Kuendesha ni chini ya dakika tatu.

Kilele cha Ahero sasa kinachelewa nusu siku tu kuliko kitabu cha Mzee kinavyosema, na bado kiko juu. Sijakishusha. Nimekwenda na rula nikapima alama ya tope kwenye ukuta wa duka moja la nafaka, mwenye duka alipaka mstari wa rangi ya bluu mahali maji yalipofika na kuandika tarehe. Mstari wake na modeli yangu vinakaribiana kuliko kitabu.

Msimamizi ameuliza mstari wa rangi ni takwimu ya aina gani. Kuna mtu hapa amewahi kutumia alama za namna hiyo kwenye tasnifu, na aliziandikaje?

HesabuNjoro:

Andika "alama za kimo cha juu cha mafuriko." Zinakubalika, mradi upime mwinuko wa ule mstari kwa kifaa cha upimaji ardhi kutoka kwenye alama rasmi ya mwinuko, si kwa simu. Tafuta tatu au nne, moja haitoshi. Kila moja iandikie nani aliiweka na lini.

JaAhero:

Ziko saba ninazozijua mimi. Moja iko ndani ya kanisa, nyuma ya madhabahu. Nyingine iko kwenye mti ambao mwenye shamba anataka kuukata mwezi huu. Ukija anza na huo mti, na uje na gambuti.